Chupa tatu na tope la Luiche

Mvua za Novemba zikikolea Kigoma, mto Luiche humwaga katika Ziwa Tanganyika maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mtoto wa darasa la nne akitaka kujua tope hilo limetoka wapi, usimwandikie "mmomonyoko" ubaoni. Mpe chupa.

Chukua chupa tatu za maji za lita 1.5, zote za aina moja. Zilaze, kisha kata dirisha ubavuni la upana wa vidole vinne (akate mtu mzima, makali yake ni kama wembe). Jaza udongo wa shamba moja hadi usawa wa ukingo wa chini wa mdomo. Ukizidi, udongo unaporomoka wenyewe kabla hujamwaga kitu. Ukipungua, maji yanatuama ndani. Chupa ya kwanza iache na udongo mtupu, ya pili ifunike majani makavu, ya tatu ipandwe ukoka.

Hapo kwenye ukoka ndipo wengi huharibu. Wanaung'oa asubuhi na kuupachika muda huohuo. Mizizi haijashika, maji yanapita chini yake na kubeba udongo, halafu watoto wanaondoka wakiamini nyasi hazisaidii kitu! Upande wiki mbili kabla na umwagilie kidogo kila siku.

Siku yenyewe, inua vitako vyote kwa ubao wa sentimita 5 na uweke glasi angavu chini ya kila mdomo. Lowanisha udongo kwanza. Ukiwa mkavu utakunywa maji yote. Kila mtoto aandike anachotarajia kabla ya kumwaga, maana akishaona matokeo atasema alijua tangu mwanzo. Kisha mimina nusu lita kwa kila chupa, kupitia kopo lililotobolewa kwa msumari. Ukitumia jagi, unachimba shimo, hiyo si mvua.

Weka glasi juu ya gazeti na mtazame kutoka juu. Katika ile ya udongo mtupu herufi hazionekani. Baada ya saa moja mchanga utakuwa umetua, upimeni kwa rula, lakini maji ya juu bado ni ya kahawia. Usiyamwage, yaangalieni tena kesho. Ni chembe hizo laini zinazoelea zinazozuia mwanga ziwani na kufunika mawe yenye mwani. Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa perege, karibu zote hazipatikani kwingine, na nyingi hula kwa kukwangua mwani huo.

Maji ya kazi hii yaletwe kwa ndoo. Msiwapeleke watoto kuchota ufukweni, kichocho kipo.

Kundi la pili likija, badilisha udongo wa chupa ya kwanza. Ule wa awali umeshaoshwa chembe zake laini, na maji yatatoka masafi kuliko ukweli. Chupa ya ukoka iacheni kama ilivyo. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyofanya kazi vizuri zaidi.