Kizibo Kilichotobolewa kwa Msumari

Mhariri ameuliza juma hili: tangu mlipoacha vinywaji vya sukari nyumbani, watoto na wazazi mmeona nafuu gani? Kwetu Kadutu, hapa Bukavu, nafuu ya kwanza ilionekana kwenye sahani, ambazo zilianza kurudi jikoni zikiwa tupu.

Mwanangu wa miaka saba alikuwa akinunua soda atokapo shule, anatoboa kizibo kwa msumari, kisha anafyonza kidogo kidogo hadi jioni, na wakati wa chakula anasukuma kando bugali na sombe. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa, mchaguzi wa chakula. Tobo lile nililisifu hata mbele ya majirani, nikiona kwamba mtoto amejifunza kutunza kitu chake.

Daktari wa meno aliyemng'oa gego ndiye aliyenifumbua macho. Alinieleza kwamba vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi hulainisha ganda gumu la jino. Mate huweza kulitengeneza ganda hilo, mradi kinywa kipewe muda wa kupumzika. Chupa ya mililita 330 huwa na gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko tisa vya chai, na mwanangu alikuwa akiisambaza sukari hiyo mdomoni mchana kutwa. Nilitoka pale nikiwa na uchungu mwingi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsifu. Jino lililokwisha kutoboka halikupona kwa kuacha soda, lakini tangu hapo hajaamka tena usiku akilia huku ameshika shavu.

Binti yetu mkubwa alipenda kola ya jioni, ambayo ina kafeini, na asubuhi tulimwamsha mara tatu. Sasa huamka kabla ya kuitwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia kwamba usingizi humjia mapema. Nami nimepunguza kidogo kiuno, na ule uchovu uliokuwa ukinijia sokoni alasiri umepungua.

Wazazi wengi hunijibu kwamba chupa iliyofungwa ni salama kuliko maji ya bomba, na hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu kipindupindu si kigeni kwetu Kivu. Ndiyo maana kila jioni, chakula kikishaiva na makaa yangali mekundu kwenye babula, nabandika sufuria ya maji, nayachemsha vizuri, nayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha nayatia katika bidoni safi. Pesa ya soda hulipia makaa hayo, na inayobaki hununua unga wa masoso, yaani mchanganyiko wa mahindi, soya na mtama, kwa uji wa asubuhi, ambao nao tumeupunguzia sukari polepole. Tulikaribia kuhamia kwenye maji ya matunda, lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linahesabu sukari ya maji ya matunda miongoni mwa zile zinazopaswa kuwa chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa hiyo marakuja tunayala kwa kijiko.

Hatujawakataza watoto kunywa soda ugenini. Mwezi uliopita, kwenye arusi huko Bagira, mwanangu alipewa chupa nzima, akanywa mafunda mawili, akanikabidhi nimshikie, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa nimebeba maji.