Re: Joseph Beyrle alikufa 1944 au 2004?

Salaam mkuu. Umekwama kwa sababu karatasi moja inasema Joseph Beyrle, askari wa miavuli wa Marekani, alikufa Ufaransa 1944, nyingine inasema 2004. Anza na kitambulisho cha chuma cha shingoni. Mimi nikikuta askari wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia "amekufa mara mbili", huwa naangalia kwanza maiti ilitambuliwa kwa kitu gani.

Beyrle, mzaliwa wa Muskegon, Michigan, 1923, alikuwa Rejimenti ya 506, Divisheni ya 101. Usiku wa kuamkia Juni 6, 1944 aliruka Normandy, akatua juu ya paa la kanisa la Saint-Côme-du-Mont, na siku chache baadaye Wajerumani wakamkamata. Vitambulisho vyake vikaja kukutwa kwenye maiti ya mtu mwingine. Basi nyumbani wakaletewa taarifa ya kifo, na misa ya wafu ikasomwa Septemba.

Mwenyewe alikuwa mateka. Januari 1945 alitoroka kambi ya Stalag III-C, akajiunga na kikosi cha vifaru cha Wasovieti (vifaru vyenyewe vya Kimarekani!), akajeruhiwa, akafika ubalozi wa Marekani, Moscow. Huko nako hawakumwamini, maana kwao alikuwa marehemu, mpaka alama za vidole zilipomthibitisha.

Kwa hiyo andika 2004. Halafu tafuta rekodi ya ndoa yake ya 1946: aliyemfungisha ni padri yuleyule aliyemsomea misa ya wafu. Hiyo ndiyo ningeiweka mbele kwenye makala yako.