Prosesa au Kadi ya Michoro: Ni Ipi Inayochelewesha Mchezo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msomaji wenu wa Arua. Mwaka jana nilinunua Kampala kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya Intel Core i5-6500 na kijiti kimoja cha RAM (memori ya muda) cha gigabaiti 8, kisha nikaibadilishia pawasaplai na kuiwekea kadi ya michoro ya GTX 1660 Super. Katika mchezo wa mji mkubwa wenye magari na watu wengi napata fremu, yaani picha zinazofuatana, 50 tu kwa sekunde. Kipimo kinaonyesha kadi inatumika asilimia 60 na prosesa asilimia 75. Kwa kuwa hakuna hata moja iliyofika mia, sielewi kinachochelewesha ni nini. Muuzaji ananishauri nitume fedha aniletee kwa basi kadi kubwa zaidi. Je, nikubali?

JIBU: Ndugu msomaji, usitume fedha hizo kwanza. Kwa vipimo ulivyotuandikia, kadi uliyo nayo haijaelemewa. Inasubiri kazi, na kadi kubwa zaidi itasubiri vilevile.

Kabla kadi haijachora fremu, prosesa hupaswa kukokotoa kila gari liko wapi, nani amegongana na nani na kipi kinaonekana, ndipo iikabidhi kadi orodha ya vitu vya kuchora. Ni kama kwenye banda la rolex, yaani chapati ya kuviringishwa na mayai, ambako mmoja anasukuma chapati na mwenzake anakaanga: msukumaji akichelewa, kikaango kikubwa hakiongezi idadi ya chapati. Fremu 50 kwa sekunde maana yake ni kwamba kila fremu inachukua milisekunde 20. Kadi inayofanya kazi kwa asilimia 60 ya muda huo inamaliza sehemu yake kwa takriban milisekunde 12, kisha inakaa bure milisekunde 8. Ingeletewa kazi bila kukatizwa, ingekaribia fremu 83.

Kinachokuchanganya ni ile asilimia 75 ya prosesa, nayo imewachanganya wengi. Namba hiyo ni wastani wa viini vinne, yaani vitengo vya kazi vilivyo ndani ya prosesa. Michezo mingi hutegemea uzi mmoja mkuu wa kazi, yaani mfululizo mmoja wa maagizo, ambao hauwezi kuendeshwa na viini viwili kwa wakati mmoja. Uzi huo ukifika kikomo, umejaza kiini kimoja tu, yaani asilimia 25 ya prosesa yako, hata kama viini vingine vina nafasi. Tena Windows huuhamisha uzi huo kutoka kiini hadi kiini, hivyo hata ukitazama chati ya kila kiini peke yake unaweza usione kilichofika mia. Kwa sababu hiyo naliamini jaribio kuliko asilimia.

Zima V-Sync (mpangilio unaolinganisha fremu na kasi ya skrini) na kikomo chochote cha fremu, simama mahali penye watu wengi, andika idadi ya fremu, kisha shusha picha kutoka pikseli 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Pikseli zinapungua kutoka 2,073,600 hadi 921,600, kwa hiyo kadi inapata nafuu kubwa, lakini kazi ya prosesa inabaki karibu ile ile. Fremu zikiendelea kuwa 50, mchelewaji yuko upande wa prosesa; zikipanda sana, ni kadi. Rudia jaribio nje ya mji, kwenye barabara tupu, na huenda ukaona jibu likigeuka, maana swali hili halina jibu moja kwa michezo yote, wala hata kwa mchezo mmoja.

Nimesema upande wa prosesa kwa makusudi, kwa sababu nakitilia shaka kile kijiti kimoja cha RAM. Prosesa yako ina njia mbili za kuwasiliana na RAM, na wewe unatumia moja. Kwa RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 2133, njia moja hupitisha takriban gigabaiti 17 kwa sekunde, na mbili 34. Kijiti cha pili cha gigabaiti 8 ndicho ningekinunua kabla ya kitu kingine chochote, kwani gigabaiti 8 zikijaa Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na hapo mchezo hukwama. Angalia kwanza aina ya kijiti kilichomo, kwa kuwa bodi mama nyingine za kizazi hicho hutumia DDR3L, aina ya RAM ya zamani zaidi. Safisha pia vumbi kwenye feni: kasi ya prosesa ikishuka chini ya gigahezi 3.2 wakati wa mchezo, huenda joto ndilo linaloirudisha nyuma.

Ikiwa hayo hayatoshi, tafuta Core i7-6700 iliyotumika, yenye viini vinne na nyuzi nane (kila kiini huendesha nyuzi mbili), inayofika gigahezi 4.0. Hii hukaa kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye bodi) ile ile ya LGA1151. Usikubali kuuziwa Core i7-8700 kwa hoja kwamba soketi ina jina hilo hilo, kwani bodi za kizazi cha prosesa yako haziiendeshi.

Kwa sasa, punguza wingi wa watu na magari pamoja na umbali wa kuona, ambavyo huielemea prosesa. Ubora wa tekscha (picha zinazofunika vitu vya mchezo) na ulainishaji wa kingo unaweza kuupandisha mpaka kadi ikaribie asilimia 95, kwa kuwa nguvu hiyo umeshailipia na haitumiki. Angalia tu usizidi gigabaiti 6 za memori ya kadi yako.