Isomeni Seva Kabla ya Kulaumu Umeme

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia kwamba seva ya ofisi yao, yenye prosesa mbili, hujizima na kujiwasha yenyewe bila saa maalumu, na kwamba bosi wake amekwisha kuagiza UPS mpya, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Nimemsihi aisitishe oda hiyo kwanza.

Nilikabidhiwa seva ya namna hiyohiyo katika kampuni moja ya usafirishaji wa mizigo hapa Dar es Salaam. Kwa kuwa umeme wetu unajulikana, kila mtu pale, kuanzia mhasibu mpaka mlinzi, alikuwa na hakika kwamba tatizo ni umeme. Meneja alikuwa hata na ushahidi: tukio namba 41 katika kumbukumbu za Windows. Nilimweleza kwa heshima kwamba tukio hilo huandikwa kila mashine inapowaka baada ya kuzimika bila utaratibu, iwe kwa sababu ya umeme, joto, RAM (vibao vinavyoshika data mashine inapofanya kazi) au mtu aliyebonyeza swichi, na kwamba ruta iliyochomekwa pamoja na seva kwenye UPS ya zamani haikuwahi kuzimika. Hakuniamini. UPS ikanunuliwa, kwa bei ambayo sitaitaja, na seva ikaendelea kuanguka.

Ushauri wangu ni kuanza na kumbukumbu zinazohifadhiwa nje ya Windows au Linux. Seva nyingi zina kompyuta ndogo ya usimamizi ndani yake, ambayo Dell huiita iDRAC na HPE huiita iLO, nayo hubaki macho hata mfumo mkuu unapokufa ghafla. Humo nilikuta hitilafu ya RAM isiyosahihishika. ECC ya kawaida, yaani uwezo wa RAM za seva kujikagua, husahihisha biti moja ya data iliyoharibika. Zikiharibika mbili kwa pamoja huzigundua tu, na mashine husimamishwa makusudi ili isiendelee kufanya kazi na data mbovu. Kilichowapoteza mafundi walionitangulia ni saa: kompyuta hiyo ndogo ilihesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo anguko la saa nane usiku lilikuwa limeandikwa saa tano usiku, na hakuna aliyeyaoanisha.

Hapo wengi wangekimbilia dukani kununua RAM. Lakini katika seva za siku hizi kila prosesa ina nafasi zake za RAM, kwa hiyo fundi ana pande mbili zinazofanana za kulinganisha ndani ya boksi moja. Niliihamishia RAM iliyotajwa upande wa prosesa ya kwanza. Hitilafu ikabaki katika nafasi ileile ya upande wa pili. Nikazibadilishia nafasi prosesa zenyewe, ikabaki palepale. Basi nikaimulika soketi ya pili, yaani kikalio cha prosesa ya pili, kwa tochi na lenzi, nikaona pini moja imelala kidogo, kiasi ambacho macho matupu yasingeibaini. Pini za soketi ya aina hiyo ziko kwenye ubao mama, na nyingi kati yake ndizo njia za kuelekea kwenye RAM. Aliyeilaza simjui, ila kazi ya kupachika prosesa haimfai mtu mwenye haraka. Tulipokuwa tukisubiri ubao mpya, niliiondoa prosesa ya pili pamoja na RAM za upande wake, kwani nafasi hizo hazifanyi kazi bila prosesa yake. Seva ikawa nzito, lakini haikuanguka tena.

Baadaye nilisikia kwamba katika kikao cha wakuu meneja alieleza jinsi UPS mpya ilivyomaliza tatizo. Mimi sikualikwa.

Vijana wa fani hii, hamisheni kitu kimoja, subirini, andikeni kilichotokea, kisha ndipo mguse kingine. Anayebadilisha RAM na pawa saplai (kifaa kinachoipa mashine umeme) kisha akasakinisha Windows upya siku hiyohiyo, hata mashine ikipona hajui imeponywa na nini, na mteja atalipia ujinga huo mara ya pili. Kitu kimoja kwa wakati, nasisitiza.

Na kwako ndugu yangu wa Morogoro: zipakue kumbukumbu za ile kompyuta ndogo ya usimamizi na uzilinganishe na saa za maanguko, ukiongeza saa tatu ikibidi. Zikiwa hazina hitilafu yoyote ya RAM, prosesa wala joto, hapo bosi wako anaweza kuwa na hoja. Hata hivyo, kama seva ina pawa saplai mbili, iendesheni kwa moja moja kwa zamu, muone kama mojawapo ndiyo mbovu, kabla ya kuilipia hiyo UPS.