Viputo vinavyofanana na seli inayogawanyika: kazi iko kwenye sahani

Anayeanza hukimbilia kuuliza lenzi gani anunue. Kwa picha ya viputo vya sabuni vinavyoiga seli inayogawanyika, lenzi ni jambo la mwisho. Kinachoamua ni maji, kiasi cha hewa na mahali taa ilipokaa.

Amua kwanza unataka hatua gani ya mgawanyiko. Seli ya mnyama hubanwa kiunoni mpaka ikatike, ya mmea hujenga ukuta katikati. Viputo vya sabuni hutoa ukuta, kiuno chembamba hutakipata kwao. Viputo viwili vilivyolingana vikishikana, tando tatu (mbili za nje na ukuta wa kati) hukutana kwa pembe ya nyuzi 120, kanuni iliyoandikwa na mwanafizikia wa Ubelgiji Joseph Plateau mwaka 1873. Kwa pembe hiyo ukuta wa kati hutoka na upana wa karibu asilimia 87 ya kipenyo cha kiputo kimoja. Kuvivuta ni kujisumbua bure. Anayetaka kiuno atumie mafuta, na hayo yako chini.

Mchanganyiko: maji mililita 200, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo mililita 20, glisirini mililita 15. Tumia maji ya mvua au yaliyotoneshwa (yaliyopatikana kwa kupoza mvuke). Maji magumu ya kisima huidhoofisha sabuni na viputo hupasuka kabla hujasogeza kamera. Koroga taratibu, acha usiku kucha povu litulie.

Mimina kina cha milimita 3 hivi kwenye sahani bapa ya kioo. Inua sahani sentimita 10 juu ya taa pana ya LED iliyofunikwa karatasi nyeupe, na katikati ya karatasi hiyo weka duara jeusi la sentimita 8. Mwanga utapita pembeni tu: usuli unabaki mweusi, kingo za viputo zinang'aa. Ukiona weupe kwenye pembe za picha, duara ni dogo, liongeze. Taa za joto zisikaribie, zinakausha utando.

Hewa ipimwe, isikadiriwe kwa mrija mdomoni. Chukua bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano, zamisha ncha chini ya uso wa maji, sukuma mililita 0.4, toa, kisha sukuma 0.4 nyingine karibu yake. Vitavutana vyenyewe. Utapata jozi ya nusu-mpira yenye urefu wa milimita 18 na upana wa 12. Kiasi kikitofautiana, ukuta hupinda. Kiputo kidogo kina shinikizo kubwa zaidi, kwa hiyo humsukuma mwenzake. Mpindo mdogo haudhuru, wakati mwingine hata unapendeza, ila ujue hewa huendelea kupenya taratibu kutoka kidogo kwenda kikubwa, na kusubiri hakusaidii. Vipovu vidogo vinavyoelea pembeni vinyonye kwa ncha ya tishu.

Ukiongeza viputo viwili vingine kupata seli nne, usitarajie msalaba. Kuta nne hazikai kwenye nukta moja. Daima viwili vitagusana na viwili vitatenganishwa.

Kamera iangalie chini wima kabisa. Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia: ukuta wa kati umesimama wima, ukiutazama kutoka juu ni mstari mwembamba, lakini kamera ikiinama nyuzi chache tu unakuwa utepe mnene wenye ukungu. Weka pimamaji (kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa) kwenye sahani kwanza, kisha kwenye kamera.

Kwa ukuzaji wa 1:1, yaani kitu kinapotua kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi, kihisi cha milimita 36 kwa 24 huona eneo la ukubwa huohuo, na jozi inakaa vizuri. Asiye na lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) aweke tyubu, yaani pete tupu za kuisogeza lenzi mbali na kamera, za jumla ya milimita 50 nyuma ya lenzi ya milimita 50. Kwa f/8 (namba ya f ni kipimo cha uwazi wa lenzi: ikikua, uwazi unabanwa), sehemu iliyo kali ina unene wa kama milimita 1, wakati kiputo kina kimo cha 6. Fokasi iwe pale utando unapogusa maji, si kileleni. Kubana hadi f/16 ni mtego. Kwa 1:1 inafanya kazi kama f/32 na picha nzima inalainika.

Rangi na kiini vinataka mwanga wa juu. Kata karatasi nyeupe, itoboe tundu la lenzi, ivishe lenzi na uimulike kutoka upande. Karatasi itajiakisi kwenye kila kiputo, na tundu litaonekana kama doa jeusi katikati, yaani kiini cha seli bila kuchora chochote. Zima pangaboi na funga pazia, la sivyo dirisha nalo litaingia. Tazama kileleni: mistari ya rangi ikishuka na doa jeusi jingine likianza kupanuka, utando umekonda chini ya takriban nanomita 30. Piga sasa hivi, kabla hakijapasuka.

Mafuta ya kupikia yanaenda haraka zaidi. Maji safi sahanini, tone moja tu la sabuni, kisha tone la mafuta la milimita 8 hivi. Toa duara jeusi, weka karatasi ya rangi. Chovya vijiti viwili vya kuchokolea meno kwenye mafuta, vishikishe tone pande mbili, vivute taratibu kinyume. Kiuno kitabanwa na kukatika kwa kufumba na kufumbua, hivyo weka kasi ya shata ya sekunde 1/500 au ya haraka zaidi na upige mfululizo. Mara nyingi kitone kidogo hubaki katikati, ni cha kawaida. Sabuni ikizidi, mafuta husambaratika kuwa vitone vingi na maji hupata ukungu. Hapo hakuna marekebisho: mwaga, osha sahani, anza upya.