Kabla ya kuchora grafu, linganisha saa

Msomaji mwenye mashine mbili za kukoboa mpunga Chekereni, huku chini ya Moshi, ameandika. Amefungiwa kirekodi cha umeme kinachoandika kila dakika, ana faili la miezi mitatu na grafu za rangi tele, ila bili haijashuka hata shilingi. "Kaka, hizi data nizifanyeje?"

Kila dakika ni mistari 1,440 kwa siku, 43,200 kwa mwezi wa siku 30. Hakuna anayesoma hiyo. Lakini usikimbilie kuipunguza. Anza na saa, maana hapo ndipo wengi hupotea na hawajui kama wamepotea.

Virekodi vingine huja vimewekwa saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Mwendeshaji naye anaandika daftarini "tumewasha saa 3", yaani 09:00, wakati kirekodi kimeandika 06:00. Karani ofisini anaiona 03:00 kwenye faili, anaioanisha na "saa 3" ya daftari, na anapata jibu safi la uongo: 03:00 ile ni saa 12 asubuhi, mashine bado hazijaguswa, na kilichokuwa kikila umeme ni pampu ya maji. Dawa yake ni ndogo. Zima mashine moja makusudi, iwashe ukiwa umeshika simu, andika saa, kisha tafuta mruko huo kwenye faili.

Mruko huohuo uutumie kukagua CT, zile pete zinazozunguka nyaya. Pete moja ikivaa kinyume, fezi yake inasoma hasi, na kwa mzigo uliosawazika jumla inashuka hadi theluthi moja ya ukweli. Pete za 200/5 (ampia 200 kwenye waya hutoa 5 kwa kirekodi) zikiandikwa 100/5 kwenye mipangilio, unasoma nusu. Linganisha uniti za kirekodi na za mita kwa siku nzima. Zikipishana sana, faili la nyuma lisahihishe au litupe. Inauma, najua.

Umeme ulipokatika, acha nafasi wazi. Ukijaza sifuri, wastani wa uniti kwa saa ya kazi unashuka na mashine inaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Sasa bili. Kama ina mstari wa kVA, yaani malipo ya mzigo mkubwa kabisa uliofikia mwezi huo, piga wastani kwa muda uleule ambao mita ya bili hupimia (waulize TANESCO, usikisie), panga mistari kuanzia mkubwa, na usome 20 ya juu tu. Mafundi wengi husingizia mshtuko wa kuwasha. Mota iliyoungwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya ampia zake, kweli, lakini kwa sekunde chache, na wastani unaumeza. Kinachoumiza ni mashine mbili kukoboa pamoja. Mota ya kW 22 kwenye volti 400 huvuta ampia kama 41, yaani kVA 28. Mbili ni 56, na kipindi kimoja tu kama hicho kinatosha kukulipisha mwezi mzima. Wateja wakiweza kusubiri, zipishanisheni.

Mwenye LUKU isiyo na mstari wa kVA asihangaike na vilele. Aangalie uniti kwa gunia, na mashine inayozunguka tupu mteja akitafuta chenji. Hapa soma kW, siyo ampia: mota tupu huvuta theluthi au zaidi ya ampia zake za kazi, lakini kW zake ni chache, kwa hiyo ampia zitakutisha bure.

Daftari la mwendeshaji lina safu ya pesa. Ongeza tatu: saa ya kuwasha kwa mtindo wa 24, saa ya kuzima, na magunia. Kalamu ifungwe kwa kamba kwenye daftari, la sivyo itaondoka na mteja wa kwanza.