Asikiri ili tu yaishe

Dada, mdogo wako aliyekamatwa Masasi na pikipiki yake ya kutembelea, kwa madai ya ulevi, asikiri kosa kesho mahakamani kwa haraka. Akikiri, mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya kosa. Mtego uko hapo: wengi huitikia "ni kweli" bila kusikiliza. Akiona jambo si sahihi, alitaje, hakimu aandike kuwa amekana. Akitiwa hatiani kwa kukiri, rufaa kwa kawaida hubaki ya adhabu tu.

Kiwango cha pombe kisichotakiwa kuzidi ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Aulize kipimo cha pumzi kilisoma ngapi, saa ngapi. Pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba. Na dhamana ya polisi hailipiwi, msitoe hela. Mdhamini aje na barua ya mtendaji na kitambulisho.